Kisima Chako na Aseniki: Maswali kutoka Ukanda wa Dhahabu

Kisima chetu kiko mkoani Geita. Maji yake ni maangavu, hayana chumvi wala harufu. Kwa nini tuyapime?

Kwa sababu sumu ya aseniki haina rangi, haina ladha, haina harufu. Wengi Geita wanaogopa zebaki, na wana haki, lakini aseniki haihitaji hata mchimbaji: imo ndani ya miamba ileile inayobeba dhahabu, na huyeyuka polepole kwenye maji ya chini ya ardhi. Karasha za wachimbaji na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, huongeza kasi tu, kwa kuusaga mwamba na kuuanika kwenye hewa na mvua.

Jirani alipima, kwake ni salama. Hiyo haitutoshi?

Haitoshi. Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana mno, kutegemea kina na mwamba uliopasuliwa. Bangladesh ilijifunza hilo kwa uchungu: mamilioni ya visima vya pampu vilichimbwa ili watu waepuke kuhara na kipindupindu, na mwaka 1993 ikathibitika kuwa baadhi vina aseniki. Ikabidi kupima kimoja kimoja, pampu zikapakwa rangi nyekundu au kijani.

Kiwango gani ni cha hatari?

Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu moja ndani ya lita 100,000. Mtu hadondoki siku hiyo. Baada ya miaka mingi ngozi huota madoa, viganja na nyayo hukakamaa, na saratani ya ngozi, mapafu au kibofu inaweza kufuata. Ndiyo maana sipendi hoja ya "tumekunywa tangu zamani".

Kipimo hufanywaje?

Kipo cha kisimani: sampuli hutiwa asidi na unga wa zinki, aseniki inageuka gesi, gesi inapanda na kuibadili karatasi maalumu kutoka nyeupe kuwa njano hadi kahawia. Kifanyieni nje, gesi hiyo ni sumu. Jibu likikaribia ukomo, msibahatishe kwa macho. Pelekeni sampuli maabara ya maji, kama ile ya Mwanza. Ombeni chupa kwao, pigeni pampu dakika kadhaa kwanza, kisha kingeni moja kwa moja mdomoni mwa bomba, si kwenye ndoo. Rudieni masika na kiangazi.

Tukichemsha?

Mnazidisha. Maji hupungua kwa mvuke, aseniki inabaki sufuriani. Klorini nayo huua vijidudu tu.

Ikikutwa, tufukie kisima?

Hapana. Kuoga na kufua kwa maji hayo hakuna hatari kubwa, kwani aseniki haipenyi ngozi kirahisi. Ya kunywa yatoke kisima kilichopimwa au kwenye tangi la mvua, na maji ya chai, uji na ugali yahesabiwe humohumo.