Mbuzi Anayezunguka Hajarogwa
Mbuzi au kondoo akizunguka upande mmoja, akainamisha kichwa, akabaki nyuma ya kundi au kugonga miti kama kipofu, huo ni kizunguzungu. Wamaasai huuita ormilo. Kifuko cha maji chenye mabuu ya tegu kinakua ndani ya ubongo, polepole, kwa miezi kadhaa. (Maji moyo huja na homa kali, huua kwa siku chache.) Sindano za kawaida hazikitoi. Mchinje kabla hajakonda.

Kichwa usimpe mbwa! Akila kifuko anapata tegu, anaacha mayai malishoni, na mbuzi wanayala. Kichome au kifukie shimo refu. Mbwa wote wa boma wapewe dawa ya tegu kila miezi 3. Kipimo muulize mtaalamu wa mifugo.