Roboti na Vifaa vya Kuvaa: Je, Vinaweza Kumtuliza Mtoto?



Baadhi ya wafadhili wametuuliza kama fedha za huduma ya watoto zinaweza kununulia vifaa vipya vya kupunguza msongo wa mawazo. Kabla kamati hazijajibu, tujifunze pamoja vifaa hivi hufanya nini.

Roboti. Mwaka 2019 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali ya watoto ya Boston, Marekani. Watoto 54 waliolazwa, wenye umri wa miaka 3 hadi 10, waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilicheza na roboti yenye umbo la dubu iitwayo Huggable, la pili na dubu wa kwenye skrini, la tatu na dubu wa kitambaa. Waliocheza na roboti walionyesha furaha zaidi. Lakini tuzingatie hili: roboti hiyo haikujiendesha. Nyuma yake alikuwepo mtaalamu wa kuhudumia watoto, akiiongoza na kuzungumza kupitia kwake.

Vifaa vya kuvaa. Hivi hufungwa mkononi kama saa. Hupima mapigo ya moyo, na vingine hupima jasho la ngozi, kwa sababu mtu akiogopa moyo huenda mbio na viganja hulowa. Hata hivyo, kifaa hakijui sababu. Mtoto aliyekimbiza mpira na mtoto aliyetishwa njiani, wote mioyo yao inadunda. Atakayejua tofauti ni yule atakayemwuliza mtoto na kumsikiliza. Tena, habari za mwili wa mtoto zikihifadhiwa kwenye simu au kwa kampuni, ni lazima mzazi ajue na aridhie.

Tunachojifunza. Kifaa ni msaidizi wa mlezi, si mlezi. Palipo na mtu aliyefunzwa, kinaweza kumfungua mtoto aliyenyamaza. Pasipo na mtu, kitaishia kabatini. Kumfundisha mtoto kupumua polepole, akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, hutuliza mapigo ya moyo, na hakuhitaji betri. Kwa hiyo tunashauri fedha za kwanza ziende kwenye mafunzo ya walezi.

Maswali ya kujadili katika kamati:

1. Katika parokia yetu, mtoto mwenye hofu humwendea nani?
2. Je, mtu huyo amepata mafunzo gani?
3. Tukipewa vifaa, nani atavitengeneza vikiharibika, na nani atatunza siri za watoto?