Diski Mbili, Alama Mbili

Muhula uliopita mvulana mmoja wa Kidato cha Pili alinijia na karatasi mbili za matokeo ya Jiografia, zote zimepigwa chapa siku moja kutoka kompyuta ya ofisi. Ya kwanza ilimpa alama 81, ya pili 01. Kwa bahati mbaya baba yake alikuwa ameiona ya pili tu. Kwa kuwa mimi ndiye mtunzaji wa kompyuta ile, yanipasa kueleza.

Kompyuta yetu ina diski mbili pacha. Kila jambo huandikwa katika zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Lakini hapa hakuna iliyokufa. Moja ilikuwa na 81, nyingine 01, na kompyuta husoma mara hii, mara ile, bila kuzilinganisha. Tazameni tofauti yenyewe: tarakimu 8 huandikwa 00111000, na 0 huandikwa 00110000. Biti moja tu imegeuka! Diski ina njia yake ya kugundua maandishi yaliyoharibika juu yake. Lakini kosa likiingia njiani, katika kumbukumbu ya kifaa kinachoiongoza, diski hulipokea na kulitunza kwa uaminifu.

Je, tuamini ipi? Pacha hawatuambii. Dawa ni namba ya uhakiki. Chukua alama 81, 64 na 57. Jumla yake ni 202. Iandike jumla hiyo mahali pengine. Diski ya pili ikisoma 01, 64 na 57, jumla ni 122, basi yajulikana mara moja ni ipi iliyopotoka, na nakala njema huandikwa juu ya mbovu. (Kujumlisha tu hakutoshi, maana ukibadilishana 64 na 57 jumla haibadiliki. Kompyuta hutumia hesabu kali zaidi.)

Nimesema mahali pengine kwa sababu. Pengine diski husema imeandika, kumbe haikuandika. Maandishi ya zamani na namba yake ya zamani vikikaa pamoja vitapatana kabisa. Ndiyo maana mfumo wa ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, huweka namba katika kipande kingine, kile kinachoonyesha njia ya kuyafikia maandishi.

Msidhani ni jambo la nadra. Watafiti walioangalia diski kama 1,530,000 kwa miezi 41 walitangaza mwaka 2008 kwamba makosa zaidi ya 400,000 ya namba za uhakiki yalionekana.

Sasa tunatumia mfumo wa namna hiyo, na kila mwezi kompyuta husoma diski zote mwanzo hadi mwisho, hata faili zisizofunguliwa na mtu. Lakini alama ikiharibika kabla namba haijahesabiwa, kosa litahakikiwa kama kweli. Kwa hiyo daftari la mwalimu bado limo kabatini. Humo ndimo tulimoikuta ile 81, kwa wino, na barua ikapelekwa kwa baba yake siku ile ile.