Kadi Mpya Ndani ya OptiPlex ya Mtumba

Wachezaji wengi ninaowajua hawajawahi kununua kompyuta ya gemu. Walinunua Dell OptiPlex 9020 iliyostaafu ofisi fulani ughaibuni ikaja na kontena, wakaiongezea RAM, na sasa wanatafuta kadi ya grafiki. Ndani mna Core i7-4790, prosesa ya mwaka 2014 yenye koa 4. Swali linalofuata halibadiliki: prosesa hii si itaibania kadi mpya?

Itaibania. Ila si kwa namna inayosemwa vijiweni, na pesa nyingi hazipotelei hapo.

Waangalie mafundi wawili wa kanzu, mmoja anakata, mwingine anashona. Kwenye gemu, prosesa ndiyo mkataji. Kwa kila fremu inakokotoa nani yuko wapi, risasi imegonga nini, gari limekata kona vipi, kisha inaikabidhi kadi amri za kuchora. Kadi ndiyo mshonaji. Mkataji akitoa kazi 60 kwa sekunde, hata umlete mshonaji hodari kuliko wote mjini, kanzu ya 61 huipati. Lakini mshonaji huyo, badala ya kukaa bure akisubiri kitambaa, anaweza kutia nakshi shingoni bila kumchelewesha mtu. Ndiyo faida ya kadi nzuri kwenye prosesa kuukuu: fremu haziongezeki, ila unaweza kupandisha rezolusheni na tekscha, na mwendo ukabaki ule ule. Tahadhari moja: wingi wa watu barabarani na umbali wa kuona ni mzigo wa mkataji. Hivyo viache chini.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Fungua gemu unayoicheza zaidi, zima V-Sync na kikomo chochote cha fremu, simama mahali penye msongamano, uandike fremu kwa sekunde. Halafu shusha rezolusheni kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, usiguse kitu kingine. Umeipunguzia kadi zaidi ya nusu ya nukta inazochora. Fremu zikiruka juu, aliyeelemewa alikuwa mshonaji, na kadi mpya itakufaa. Zikibaki pale pale, mkataji ndiye amefika mwisho wake. Usidanganyike ukiona Task Manager inasema prosesa inatumika asilimia 50 tu. Gemu nyingi huegemea koa chache, na koa moja ikijaa, wenzake wanaweza kuwa wamelala. Tazama matumizi ya kadi yenyewe, kwa programu ya bure kama MSI Afterburner. Yakikaa juu ya asilimia 95, kadi ndiyo inayobeba mzigo.

Jaribio likiinyooshea kidole prosesa, fungua boksi uangalie RAM. Mashine nyingi za ofisi huja na kijiti kimoja. Vijiti viwili vinavyolingana huifungulia prosesa njia mbili za memori, na DDR3 ya mtumba haina bei ya kutisha. Nimewahi kuona gemu iliyokuwa ikikwamakwama ikatulia kwa kijiti hicho cha pili tu, mwenyewe akiwa ameshaanza kudunduliza ya kadi.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe, umeme na sloti. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, ile nyembamba wati 255, na zote hazina waya wa kupeleka umeme kwenye kadi. Sloti yenyewe hutoa wati 75 basi. Kubadilisha pawa saplai nako si kuchomoa na kuchomeka, maana Dell waliiwekea mazabodi hii plagi ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo utahitaji waya wa kuunganishia. Mimi ningetafuta kadi isiyodai waya, yaani GTX 1650 ya mwaka 2019 au RTX 3050 ya GB 6 ya mwaka 2024. Kuwa mwangalifu na hiyo ya kwanza, kwani zipo GTX 1650 zenye plagi ya pini 6 ubavuni. Na kama boksi lako ni jembamba, lazima kadi iwe fupi ya kimo. Nenda dukani na rula.

Muuzaji huenda akakuletea RX 6400. Ni ndogo, inakula wati 53, inaingia vizuri. Shida ni kwamba inapitisha data kwa njia 4 tu. Kwenye mashine mpya zenye PCI Express 4.0 hilo linavumilika, lakini 9020 ni ya 3.0, na kila njia hapo hubeba takriban GB 1 kwa sekunde. Memori ya kadi ni GB 4. Ikijaa, kadi inakimbilia RAM kupitia mlango huo wenye upana wa GB 4 kwa sekunde, na hapo gemu inashtukashtuka. RTX 3050 ina njia 8, GTX 1650 ina 16. Isitoshe, RX 6400 haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo anayetaka kurusha michezo yake YouTube atairudishia kazi hiyo prosesa ile ile iliyochoka.

Siku ya kufunga, ondoa kwanza draiva za kadi ya zamani kama ilikuwepo. Kisha chomeka waya wa skrini kwenye kadi, si kwenye mazabodi; nimeitwa kutengeneza kadi "mbovu" ambayo haikuwa na ubaya wowote ila huo. Na kama skrini yako ni ya VGA, kadi hizi hazina tundu hilo. Nunua kigeuzi chenye saketi ndani yake cha kutoka HDMI kwenda VGA, si kile kiplastiki kitupu cha kubadili umbo la plagi.