Kolinesterasi katika Ubongo Wenye Afya na Ubongo Wenye Ugonjwa wa Alzheimer

Kati ya seli moja ya neva na nyingine kuna upenyo mwembamba, nao ujumbe huuvuka kwa njia ya kemikali. Mojawapo ya kemikali hizo ni asetilikolini, inayohitajika sana katika kumbukumbu, kujifunza na uangalifu.

Ujumbe ukishafika, asetilikolini hupaswa kuondolewa upesi, la sivyo seli inayoupokea itasisimuliwa bila kikomo. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya viwili: asetilikolinesterasi, ambayo molekuli yake moja huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde, na butirilikolinesterasi, iendayo polepole zaidi. Kolini inayobaki hurudishwa ndani ya seli ili kutengeneza asetilikolini mpya. Katika ubongo wenye afya, kimeng'enya cha kwanza ndicho hubeba sehemu kubwa ya kazi.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, seli zinazotengeneza asetilikolini huendelea kufa. Asetilikolinesterasi nayo hupungua, lakini butirilikolinesterasi hubaki ilivyo au huongezeka. Hivyo hata asetilikolini kidogo iliyosalia huendelea kuvunjwa.

Hapo ndipo dawa huingia. Donepezili na galantamini huzuia hasa asetilikolinesterasi. Rivastigmini huzuia vimeng'enya vyote viwili. Dawa hizi hazifufui seli zilizokufa wala hazisimamishi ugonjwa. Huiwezesha asetilikolini iliyopo kudumu zaidi. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu ya kiasi kwa muda.

Kwa kuwa asetilikolini hutumika pia tumboni na moyoni, mgonjwa anaweza kupata kichefuchefu, kuharisha, mapigo ya moyo kwenda polepole au hata kuzirai. Ndiyo sababu dozi huanza ikiwa ndogo, kisha huongezwa hatua kwa hatua.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni dawa zinazopingana na tiba hii. Amitriptilini, promethazini na klofeniramini huziba vipokezi vya asetilikolini: dawa moja hujenga, nyingine hubomoa, na mzee huzidi kuchanganyikiwa. Familia ikadhani ugonjwa umepamba moto, kumbe chanzo ni kidonge cha mafua au cha usingizi.

Mhudumu wa afya na aulize dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo zilizonunuliwa dukani bila cheti. Nawe unayemwuguza mzazi, zibebe zote uendapo kliniki, wala usimwachishe dawa yoyote kabla ya kupata ushauri wa daktari.