Je, Kifo Chaweza Kuwa Zawadi?

Tukifunzwa fasihi simulizi tunaambiwa kwamba visasili ni hadithi zinazoeleza asili ya mambo: dunia ilitoka wapi, kifo kililetwa na nani. Visasili vya kale havina mtunzi anayejulikana. Lakini yupo mtu mmoja aliyeketi akajitungia visasili vya ulimwengu mzima. Huyo ni J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa mwaka wa 1892 mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, akaja kuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Alifariki mwaka wa 1973, na kitabu chake The Silmarillion kikatolewa na mwanawe mwaka wa 1977. Hebu tukichambue kwa mambo matatu.

Kwanza ni vurugu. Katika visasili vingi, vurugu ndiyo mwanzo wa yote. Kwa Tolkien sivyo. Mwanzo yupo Mungu mmoja, Ilúvatar, aliyewaumba Ainur, ambao ni kama malaika, akawafunza kuimba. Wimbo ulikuwa mtamu hadi Melkor, mwenye vipawa kuwashinda wenzake, alipoingiza sauti zake ili ajikweze. Huyu alikuwa amezunguka utupuni akitafuta Moto Usiozimika ili aumbe vitu vyake mwenyewe, asiupate, maana uko kwa Ilúvatar. Mtaka yote hukosa yote! Ilúvatar hakumnyamazisha papo hapo. Aliongeza lahani ya pili, kisha ya tatu, na ile fujo ikafumwa ndani ya wimbo. Baridi kali ya Melkor ilizaa theluji, na joto lake likazaa mawingu.

Pili ni roho. Katika lahani ya tatu walitokea viumbe ambao Ainur hawakuwatunga: Waelfi na wanadamu. Waelfi hawazeeki wala hawaugui. Mwelfi akiuawa, roho yake huenda kwenye kumbi za Mandos kungoja, na huweza kupewa mwili tena. Raha, sivyo? La! Roho hiyo imefungwa na dunia mpaka dunia iishe. Mwelfi huona kila akipendacho kikichakaa, naye yupo tu.

Tatu ni kuvuka mipaka. Mwanadamu akifa, roho yake huitoka dunia kabisa, na Waelfi hawajui iendako. Tolkien anasema hiyo ni zawadi ya Ilúvatar. Melkor ndiye aliyeitia giza zawadi hiyo mpaka watu wakaiogopa.

Hapa wengi huguna. Nilipoyaeleza haya darasani, mwenzangu mmoja aliniuliza, "Zawadi gani hiyo inayoacha watoto mayatima?" Swali hilo lina uzito, tena wako kati yetu wanaolijua kwa uchungu. Jibu langu ni kwamba aliyeandika haya hakuwa mgeni wa kifo. Babake alifariki mwaka wa 1896, mamake mwaka wa 1904, naye akabaki yatima wa miaka 12. Mwaka wa 1916 alipigana vita vya Somme, Ufaransa, na vita hivyo vikuu vikawamaliza karibu rafiki zake wote wa dhati. Visasili hivi alianza kuviandika katika miaka hiyohiyo. Kwa hivyo si maneno ya mtu anayetufariji akiwa mbali.

Tena hasemi tusilie. Katika kitabu hicho watu hulia sana. Anachokikemea ni woga. Watu wa kisiwa cha Númenor walipewa maisha marefu, lakini wakawaonea wivu Waelfi. Wakajenga makaburi makubwa. Mwishowe mfalme wao, Ar-Pharazôn, alidanganywa na Sauron, akapeleka merikebu za vita magharibi kunyakua uzima wa milele. Kisiwa kizima kikazama baharini, wazee kwa watoto.

Basi, wanachama wenzangu, mimi naona funzo ni hili: Melkor na Ar-Pharazôn wana ugonjwa mmoja, kutaka kushika kwa nguvu kisichokuwa chao. Mmoja alitaka kuumba, mwingine asife. Msiba ukitufika tulie, tuzike, tuwashike mkono waliobaki. Lakini tusiache kuishi kwa kuogopa siku yetu.

Na ukiniuliza kama kifo ni zawadi kweli, sijakata shauri. Wewe je, msomaji?