Sukari Ikianza Kupanda: Siku Kumi za Danieli na Sahani Yangu



Wapendwa vijana, leo naomba tuzungumzie chakula. Nazungumzia chakula cha kawaida kabisa: sahani ya ugali, kikombe cha chai, na ile soda tunayogawiwa baada ya mazoezi ya kwaya.

Mwaka jana parokiani kwetu kulikuwa na upimaji wa afya baada ya Misa ya kwanza. Nilipanga foleni kwa utani tu, kuwasindikiza wenzangu. Nilikuwa sijala kitu tangu usiku. Nesi akanitoboa kidole, akaangalia kimashine chake, akaniuliza taratibu, "Kaka, nyumbani kwenu kuna mtu mwenye kisukari?" Nikamwambia yupo, mama. Kimashine kilikuwa kimesoma 6.4.

Nilikuwa na miaka 27. Sikuwa na kiu ya ajabu, sikuwa naamka usiku kwenda haja ndogo, mpira nacheza kila Jumamosi. Nesi akasema hali hii mara nyingi haina dalili yoyote, ndiyo maana watu wanaigundua kwa bahati. Akaniagiza nirudie kipimo maabara, kwa sababu tone moja la kidole halitoshi kumwambia mtu kwamba anaumwa. Nikarudia: 6.3.

Kwa mtu aliyelala bila kula, sukari chini ya 5.6 ni ya kawaida. Ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikawa vilevile, hapo ni kisukari. Katikati ndipo nilipokuwa mimi, hali ya kuelekea kisukari. (Wataalamu wengine huanza kuhesabu kwenye 6.1. Kwa vyovyote nilikuwa ndani.) Ugali, wali na chapati tukishavila hugeuka kuwa sukari kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuifungulia sukari mlango iingie kwenye misuli. Kwa mtu kama mimi mlango umeanza kuwa mgumu, kongosho linalazimika kufanya kazi mara mbili, na siku moja litachoka. Mama lake lilishachoka. Nimekua nikimwona anajidunga sindano asubuhi na jioni, na nikiwa mdogo nilidhani kila mama duniani anafanya hivyo.

Sasa, nilipopata majibu nilifanya kosa ambalo nadhani vijana wengi wa Kanisa tungelifanya. Nikatangaza mfungo! Siku saba, maji na juisi ya matunda tu, namtolea Mungu. Siku ya nne usiku nikajikuta kwenye kibanda cha chipsi, sahani ya chipsi mayai mbele yangu na soda mbili pembeni. Nilijisikia vibaya kuliko siku ya majibu. Na hiyo juisi yenyewe, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa sukari tupu: ukikamua machungwa manne na kutupa makapi, umetupa nyuzinyuzi zinazoichelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Nikamweleza padre wetu. Hakunihubiria. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unamfungia Mungu au unakifungia kipimo?" Nikakosa jibu. Akaniambia nikasome Danieli sura ya kwanza, polepole.

Nawaomba na ninyi mkaisome. Danieli na wenzake watatu wapo Babeli, ni vijana, wanapewa chakula cha mezani pa mfalme. Danieli anaamua moyoni kwamba hatakila. Tuwe wakweli, hakuwa na shida ya sukari, na sura ile haikuandikwa iwe ratiba ya kupunguza mwili. Alikataa ili asijitie unajisi, abaki mwaminifu kwa Mungu wake. Ila angalia namna anavyofanya. Hagombani na mtu wala hatangazi. Anamwendea msimamizi kwa heshima, anaomba siku kumi tu, yeye na wenzake wapewe mboga na maji, kisha walinganishwe na wengine. Yaani ni jambo dogo, lenye muda wake, analifanya pamoja na wenzake, na mwisho anakubali kukaguliwa. Mfungo wangu haukuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Basi nikachukua siku kumi, na kitu kimoja: vinywaji. Nilikuwa nakunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko tisa. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, kama vijiko saba. Jumla kumi na sita. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko kumi na viwili, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Sikuacha ghafla. Nilishuka hadi vijiko viwili, halafu kimoja, nikaongeza tangawizi na hiliki. Wiki ya kwanza chai ilikuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Wiki ya tatu nilionja chai ya mwenzangu nikashindwa kuimaliza. Na jamani, asali nayo ni sukari. Sukari ya kahawia ni sukari. Msidanganyane.

Siku kumi nyingine zikawa za sahani. Nesi alinichorea kwenye karatasi: nusu ya sahani mboga, robo maharage, dagaa, samaki au yai, robo iliyobaki ndiyo ugali au wali. Mimi sahani yangu ilikuwa kinyume, mlima wa ugali na mchicha wa kupambia. Sikununua kitu cha ajabu. Matembele, mchicha, kunde, choroko, vyote vipo sokoni na vingi ni rahisi kuliko nyama. Nikahamia dona badala ya sembe, kwa sababu dona ina pumba na kiini, haiingii haraka kwenye damu. Lakini dona siyo ruhusa ya kula mlima, bado ni wanga. Asubuhi nikaacha chapati mbili, nikawa nakula kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha na yai. Embe na papai nakula, kipande, na kutafuna. Baada ya chakula cha jioni natembea dakika kumi na tano huku nasali makumi mawili ya Rozari. Kutembea kunasaidia misuli kuichukua ile sukari, na Rozari, kwa kweli, imepona kwa njia hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa nasinzia nayo kitandani.

Kwamba haya madogo yana nguvu, si maneno yangu. Marekani waliwafuatilia watu zaidi ya elfu tatu wenye hali kama yangu, na majibu yalitolewa mwaka 2002. Waliobadili chakula, wakapunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge ilipungua kwa 31.

Hapa nafika mahali ambapo sipendi kupasimulia. Nilipoona nafanikiwa, nikawa mtume wa sahani. Nikamgeukia mama. Nikampimia ugali wangu ule ule wa robo, chai bila sukari, soda nikaiita dhambi. Mama akacheka, akakubali, maana anapenda nikimhudumia. Jioni hiyo alikuwa ameshajidunga dozi yake ya siku zote. Saa moja baadaye mikono ilianza kumtetemeka, jasho linamtoka, anaongea vitu visivyoeleweka. Sukari ilikuwa imeshuka kupita kiasi, kwa sababu insulini ilikuwa ya chakula kingi na mimi nilimpa kidogo. Dada yangu ndiye aliyejua la kufanya. Alikimbilia dukani akaleta soda, tukamnywesha nusu chupa polepole, tukasubiri dakika kumi na tano, tukampima tena, ndipo akala.

Soda! Ile ile niliyoiita dhambi.

Kwa hiyo, mpendwa, kama nyumbani kuna mtu anayetumia insulini au vidonge vya sukari, usimbadilishie chakula bila daktari wake. Mfungo nao ni hivyo hivyo. Kanuni ya 1252 inawataka wafunge waliotimiza miaka 18 hadi wanapoingia mwaka wa 60, na kufunga huko Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni mlo mmoja kamili na vyakula viwili vidogo, siyo siku saba za juisi. Mgonjwa halazimishwi. Mama ana njia zake za kumtolea Bwana Kwaresima, na nyingi kati ya hizo ni kunivumilia mimi.

Nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Mwanangu, wewe kula yako, mimi nitakula ya daktari. Ila mboga tupike pamoja." Ndivyo tunavyofanya sasa. Kwenye kwaya niliomba, kwa upole safari hii, kwamba pamoja na soda kuwe na maji na karanga za kuchemsha. Wengine wanachukua soda, sisemi kitu.

Baada ya miezi mitano nilipima tena: 5.7. Bado nipo mpakani, nesi kasema nirudi kila mwaka. Kabla ya kula nasali hivi:

Bwana, asante kwa chakula hiki na kwa mikono iliyokipika. Nipe kujua kinachonitosha, na unilinde nisihukumu sahani ya mwenzangu. Umkumbuke mama na sindano yake ya jioni. Amina.